Ampu ya besi, boksi, na hizi omu zinachanganya watu

Harusi ilikuwa Ahero, nje kwa tenti, tukafika asubuhi na mapema na vyombo vyetu kwa pikapu. Ampu ya gitaa la besi ilikuwa yetu, imeandikwa wati 500, boksi moja la spika lilikuwa letu na la pili tuliazima kwa bendi ingine juu tulitaka besi ifike mpaka kwa wale wazee hukaa nyuma kabisa chini ya mwembe. Tukaunganisha zote mbili, tukajaribu, na kusema ukweli ilikuwa tamu, ile ya kusikia kwa kifua. Halafu bibi harusi anaingia, watu wote wamesimama na simu juu, tuko katikati ya wimbo wa kumleta, ampu ikanyamaza. Taa nyekundu. Nikazima, nikawasha, ikarudi, dakika chache kimya tena, na hivyo hivyo mpaka nikachomoa nikaingia moja kwa moja kwa mixa nikapiga harusi yote bila kusikia kile napiga.

Jumatatu nikapeleka kila kitu kwa fundi hapa Kisumu, mzee ambaye ametengeneza redio na ampu tangu sijazaliwa. Hata hakufungua ampu. Aligeuza boksi la kwanza, akapangusa vumbi na kidole gumba, chini yake kuna stika: omu 4. Akageuza la pili: omu 4. Halafu akanionyesha nyuma ya ampu, pale kwa tundu la spika, kuna maandishi madogo sana yanasema isiende chini ya omu 4. Akaniambia, "Omera, hii ampu yako haina shida. Wewe ndio ulikuwa unaiua."

Tangu siku hiyo nimeingia ndani ya hii maneno kabisa, na kila nikikutana na wapiga besi, iwe ni wa kanisa Kondele, wa benga kule Siaya ama vijana wa bendi Nakuru, swali la kwanza ni lile lile: hiyo ampu ni wati ngapi? Na ndio hapo tunapotea, juu wati ni namba ya nne ama ya tano kwa umuhimu. Wacha nieleze venye naelewa, polepole.

Tuanze na omu kwa sababu ndio inaharibu vitu. Fikiria ibada imeisha na kanisa lina mlango mmoja. Watu wanatoka kwa kiasi fulani. Sasa fungua mlango wa pili wa upana ule ule: watu wanatoka mara mbili kwa dakika, si ndio? Spika ni mlango, umeme ni watu, na ampu ndiyo inasukuma watu watoke. Omu inakuambia mlango ni mwembamba kiasi gani, kwa hivyo namba kubwa ni mlango mwembamba, namba ndogo ni mlango mpana. Ukiongeza boksi la pili umefungua mlango wa pili, kwa hivyo upinzani unapungua badala ya kuongezeka, na hiki ndicho kitu watu wengi hawaamini mpaka siku ampu inazima. Boksi mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Boksi mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Moja ya 8 na moja ya 4 zikikaa pamoja zinakuwa 2.7 hivi. Ampu nyingi za transista za kisasa zinakubali mpaka 4 na hapo ndio mwisho, chache zinaenda mpaka 2, na imeandikwa nyuma, soma tu.

Kuna mtego mwingine hapo. Ukitoa waya kutoka ampu hadi boksi la kwanza, halafu kutoka boksi la kwanza hadi la pili, kwa macho inaonekana kama umeziunganisha kwa foleni, moja nyuma ya ingine, lakini ndani ya boksi yale matundu mawili yameunganishwa sambamba. Ni milango miwili tu. Hesabu haibadiliki, iwe umetoa waya zote mbili kwa ampu ama umerukisha.

Kwa nini 2 inaua ampu ya 4? Umeme. Wati 500 kwa omu 4 ni ampea 11 hivi zinapita. Shusha hadi omu 2 na ampu ikijaribu kusukuma kwa volti zile zile, ampea zinakuwa mara mbili, 22, na transista zinachemka. Ampu nzuri ina ulinzi, inajizima kama yetu ilivyofanya, na nashukuru Mungu ilikuwa na ulinzi. Ya bei ya chini inaweza kukosa, inatoa moshi mara moja na biashara imeisha.

Za valvu, zile zina chupa za glasi ndani badala ya transista, ziko kivyake. Ampeg SVT ya 1969, ile ya wati 300 ambayo watu wengi bado wanaitaja, hedi yake, yaani ampu bila boksi, ni karibu kilo 40. Ukipata ampu ya valvu, omu za boksi lazima zilingane na pale umechagua nyuma, na usiwahi, narudia usiwahi, kuiwasha na kuipiga bila boksi. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Ya transista ikikosa boksi haina neno, ya valvu ikikosa boksi ni hasara.

Sasa wati. Ukitoka wati 250 uende 500 umeongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Desibeli 3 unasikia tofauti, lakini ni ndogo, mtu amekaa nyuma anaweza asigundue. Ili sikio liseme "hii sasa ni kubwa mara mbili" unahitaji kama desibeli 10, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Kutoka 100 hadi 1000. Kwa hivyo yule jamaa anauza ampu yake ya 350 akope pesa anunue ya 500 anatafuta desibeli moja na nusu, na mimi nasikitika kila nikiona hivyo juu najua bendi zetu venye pesa inapatikana.

Spika zenyewe ndio zina tofauti kubwa, na hiyo watu hawaiulizi. Kila spika nzuri inaandikwa inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukiona moja ni 94 na ingine ni 100, ile ya 100 na ampu ya wati 100 inapiga sawa na ile ya 94 na ampu ya wati 400. Desibeli 6 ni nguvu mara nne. Kwa hivyo boksi ndilo linaamua, ampu inafuata.

Na ukiongeza boksi la pili lililo sawa kabisa na la kwanza unapata vitu viwili pamoja: eneo la koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka, limekuwa mara mbili, halafu ampu ikiona omu zimeshuka kutoka 8 hadi 4 inatoa nguvu zaidi. Kwa sauti za chini jumla inaweza kukaribia desibeli 6. Hii ndio sababu mimi huambia watu, kama una pesa ya kitu kimoja mwaka huu, usibadilishe ampu, tafuta boksi la pili linalofanana na lako. Na kwa sababu hiyo hiyo boksi la kwanza linunue la omu 8. Muuzaji atakuambia la 4 linatoa nguvu yote ya ampu, na ni kweli, ampu ya 500 kwa omu 4 inaweza kutoa kama 300 kwa omu 8, lakini hesabu hiyo ni kama desibeli 2, na ukichukua hilo la 4 umejifungia mlango, hutaongeza kitu tena maisha.

Kuhusu inchi kuna hadithi nyingi sana. Ati spika ya inchi 15 ndio ya besi ya chini, ya inchi 10 ni ya kuslapu, yaani kugonga nyuzi na kidole gumba. Hebu piga hesabu ya eneo: inchi 15 moja ni kama inchi mraba 177, inchi 10 mbili ni kama 157, nne ni 314. Kwa hivyo boksi la 10 nne, yaani spika nne za inchi 10, linasukuma hewa karibu mara mbili ya lile la 15 moja. Kushuka chini kunategemea spika yenyewe imetengenezwa vipi, koni inaweza kwenda mbele na nyuma umbali gani, na boksi lina ukubwa gani, upana wa spika peke yake hausemi kitu. Hata lile boksi maarufu la 10 nane, zaidi ya kilo 60, linaanza kupungua nguvu kabla halijafika noti ya chini kabisa ya uzi wa E, na bado watu wanalipenda miaka zaidi ya hamsini. Uzi wa E ukiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, lakini kile sikio lako linashika zaidi ni ile ya 82, mara mbili yake, na zile ziko juu zaidi, ubongo unajaza iliyobaki.

Usichanganye 10 nne na 15 moja zote za omu 8 ukidhani umepata mazuri ya pande zote. Ampu inagawa nguvu nusu kwa nusu, kwa hivyo ile 15 peke yake inakula sawa na spika nne za jirani yake, na siku ukipandisha ndiyo itaanza kukwaruza kwanza.

Sasa nikae kidogo kwa maboksi ya seremala, maana huku kwetu ndio mengi. Mtu ananunua spika, anaenda kwa seremala na boksi la mtu kwa picha ya simu, anamwambia nitengenezee kama hii. Seremala ni mzuri, kona zimekaa, kapeti imegundishwa safi, na besi inatoka kama mtu anagonga mtungi. Shida si mbao. Boksi ni sehemu ya spika, hewa iliyo ndani inafanya kazi kama springi nyuma ya koni, na lile tundu la mbele lina urefu wake maalum unaolingana na sauti fulani. Mwaustralia Neville Thiele aliweka hesabu ya haya mambo mwaka wa 1961, Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970, na ndio maana mpaka leo kila spika ya maana inakuja na karatasi ya namba zao. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa WinISD, unaingiza zile namba na inakuambia boksi liwe lita ngapi, tundu liwe na upana na urefu gani. Chukua hizo vipimo umpelekee seremala, atafanya kazi ile ile kwa pesa ile ile, na utalia kwa furaha. Plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kiungo, mbao ya kukatiza katikati ili kuta zisitetemeke, na ukimaliza piga noti ndefu ya chini huku ukipitisha mkono kwa kila kona. Ukisikia upepo unatoka mahali si kwa tundu, hapo panavuja, ziba.

Boksi lenye tundu lina hatari moja ambayo lile lililofungwa halina. Chini ya ile sauti tundu limepimiwa, hewa haishikilii koni tena, koni inaruka tu mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana. Ndio maana vijana wa nyuzi tano wanaua spika sana. Uzi wa B wa chini ni 31 kwa sekunde. Kama boksi limepimiwa 45, kila ukigusa huo uzi na ampu iko juu, koni inarushwa mpaka mwisho. Ampu zingine za siku hizi zina swichi ya kukata sauti za chini kabisa, iwashe, hutapoteza kitu unachosikia, utapata nafasi ya kupandisha zaidi.

Hiyo inanileta kwa kile kitufe cha besi kwa ampu, kile cha kuzungusha. Ukikiongeza desibeli 6 umeiomba ampu nguvu mara nne kwa zile noti. Ukikiongeza 10, mara kumi. Halafu unashangaa ampu ya 500 inachanika kama ya 50. Mtu akikosa kusikika, mkono unaenda kwa besi, na hiyo si sehemu inayokufanya usikike kwa bendi. Kwa bendi yenye kinanda kinachopiga mkono wa kushoto, ngoma kubwa na jenereta inanguruma nyuma ya hema, kile kinakufanya usikike ni midi, yaani sauti za kati, pale kati ya mitetemo 250 na 800 kwa sekunde. Sikiliza benga vizuri, besi inakimbia sambamba na gitaa, noti nyingi, fupi, kila moja iko wazi. Hiyo ni midi. Nyumbani peke yako itasikika mbaya, kama pua, lakini kwa jukwaa ndiyo inatoka. Jaribu siku moja mazoezini: besi rudisha katikati ama chini kidogo, midi panda, umwambie mtu aende asimame kwa geti asikilize.

Na uweke boksi juu. Sauti za juu na za kati zinaenda mbele moja kwa moja kama tochi, kwa hivyo boksi likiwa chini na wewe umesimama mita moja mbele yake, midi yako yote inagonga magoti yako na wewe unabaki na mngurumo, unapandisha, na wale mbele wanaumia. Kreti mbili za soda zinatosha. Ukiwa na boksi mbili zipange moja juu ya ingine, si kando kwa kando. Jukwaa la mbao tupu ndani nalo linavuma lenyewe, weka godoro dogo la sponji chini ya boksi. Na kona ya ukumbi inaongeza besi sana, wakati mwingine ni msaada, wakati mwingi ni fujo.

Waya sasa, haraka. Waya ya gitaa haiendi kati ya ampu na boksi hata kama jeki ni sawa. Ndani ya waya ya gitaa kuna kauzi kamoja kembamba kilichozungushiwa wavu, kilitengenezwa kubeba umeme mdogo sana wa pikapu za gitaa (vile vidude chini ya nyuzi vinavyoshika sauti), na tumeona hapo juu spika inataka ampea 11. Niliwahi kushika moja baada ya kesha Kakamega ikiwa na joto kama kikombe cha chai. Waya ya spika ina nyuzi mbili nene za shaba zinazolingana, fungua jeki uangalie. Kama ampu yako ina tundu la Speakon, lile la mviringo la waya ya spika, tumia hilo, linajifunga na halileti shoti ukichomoa.

Mahali pakubwa usishindane na spika kubwa za ukumbi. Toa waya ya DI (lile tundu la kupeleka sauti ya besi moja kwa moja) nyuma ya ampu hadi kwa mixa, boksi lako liwe la kukusikilizisha wewe na mpiga ngoma. Mwambie mtu wa saundi akuchukue kabla ya vitufe vyako vya sauti ili ukijirekebishia jukwaani usimharibie kule mbele, na kama kuna mlio wa stima bonyeza ile swichi ya kukata ardhi kwa DI. Usikate ardhi kwa plagi ya ukutani kamwe, hiyo ni ya kukulinda usipigwe na shoti, na kuna watu wamekufa kwa maikrofoni kwa sababu hiyo.

Stima yetu ni volti 240. Ampu imetoka Marekani kwa begi la mjomba mara nyingi ni ya 120, na ukichomeka hapa imeisha hapo hapo. Angalia nyuma, kuna zenye swichi, kuna zinajipanga zenyewe, na kama imeandikwa 120 pekee tafuta transfoma ya kushusha yenye uwezo kupita kile ampu inakula.

Mwisho, boksi la mkono wa pili, maana wengi wetu ndio tunanunua. Beba mita ya fundi, betri ya tochi ya volti 1.5 na besi yako mwenyewe. Mita kwanza: boksi la omu 8 likiwa zima litasoma kama 6, la omu 4 litasoma kama 3 na kitu, hivyo ndivyo ilivyo, mita inasoma chini kuliko stika. Ikikuonyesha kitu tofauti kabisa na stika, kuna spika imekufa ama mtu aliunganisha vibaya. Halafu gusisha betri kwa waya za boksi, chanya kwa chanya, sekunde moja tu. Koni zote zinafaa kuruka mbele pamoja. Kuna siku nilikuta boksi la spika nne Kibuye, moja ilikuwa inaingia wakati zingine zinatoka, na mwenyewe alikuwa ameteseka mwaka mzima akidhani ampu yake haina besi. Tulibadilisha waya mbili tu kwa bisibisi. Kisha weka vidole vyote vya mikono miwili kuzunguka koni, sukuma ndani taratibu na usawa. Ikienda laini, sawa. Ukisikia inakwaruza kama mchanga, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imepinda ama imeungua, na chungulia nyuma pia, panya wanapenda karatasi ya koni kwa stoo za kanisa.

Ndio sasa uchomeke besi yako. Piga noti ya chini kabisa unayotumia, iache iimbe mpaka iishe, pandisha polepole na uangalie koni kwa macho. Ukiona inacheza sana na noti huisikii, hilo boksi si la huo uzi, hata kama bei imeshushwa mara tatu ukiwa umesimama hapo.